Mamajusi na maharagwe ya watoto

Mimi na mamajusi hatuelewani. Nimewavumilia tangu nikiwa mtoto wa katekismu. Nimewavumilia kwenye kadi za Noeli, kwenye kalenda ya parokia na kwenye kitambaa cha altare walichofuma masista. Lakini mwaka huu kamati ya Noeli ya shirika letu ilikuja mpaka nyumbani kuniambia kwamba nitakuwa mmoja wao kwenye mchezo wa mkesha, na hapo uvumilivu wangu ukafika mwisho. Kuvaa kikwembe cha mke wangu mabegani sikukataa. Taji la karatasi ya kung'aa iliyotoka kwenye pakiti ya biskuti, sawa. Kilichonichoma ni maneno ya mwenyekiti, tena mbele ya mama watoto: "Papa, tumekuchagua wewe sababu hawa walikuwa watu wa akili."

Watu wa akili! Mtu afungue Matayo, sura ya pili, asome polepole bila kuimba. Watu wazima, wenye elimu ya nyota, wanatoka mashariki na kuingia Yerusalemu. Mji una mfalme, naye ni Herode, mtu aliyewanyonga mpaka wanawe wa kuzaa kwa kuogopa kiti chake. Wageni wetu hawajashusha hata mizigo, na swali wanalolisambaza mjini ni hili: mfalme aliyezaliwa yuko wapi?

Hapa Minova hata mlevi wa kasiksi anayelala mtaroni nyuma ya soko hawezi kuuliza swali hilo. Pombe humtoa mtu haya, haimtoi akili yote. Mbele ya mkubwa huulizi mkubwa mpya anakaa wapi. Unauliza bei ya sambaza. Unauliza kama mvua imenyesha Bobandana. Ukibanwa sana unasema unaenda kwenye kilio cha shangazi, na shangazi huyo unamzika papo hapo kwa sifa zote, kwa sababu mtu wa kilio huwa hapekuliwi sana.

Najua walifanya vile kwa nini. Wageni wa mbali wana ugonjwa huo mmoja: hawawezi kufika kwa maskini bila kupitia kwanza kwa mkubwa kutoa heshima, kusaini daftari la wageni na kueleza lengo la ziara. Basi mkubwa akaita wataalamu wake. Wakafungua vitabu, wakajibu sawasawa bila kukosea: Bethlehemu. Kutoka Yerusalemu ni kama kilomita 9. Mama wa ndizi hutembea mwendo huo jua halijakolea, na mkungu kichwani, na mtoto mgongoni. Wataalamu wale hawakuinuka kitini. Andiko walilijua, mahali walipajua, na wakarudi kwenye chai yao. Hao nao tunawafahamu, tumekaa nao kwenye semina.

Halafu Herode akawavuta wageni pembeni, kwa siri, akawaomba wakimpata mtoto warudi wamwambie, ili naye aende kumsujudia. Nao wakaondoka bila hata mmoja kumkanyaga mwenzake mguu chini ya meza! Mke wangu, ambaye hupenda kuwatetea watu asiowafahamu, alisema pengine walikuwa wachovu wa safari. Uchovu gani huo? Mimi nimewahi kushuka kwenye lori la mihogo usiku wa manane, mgongo umevunjika vipande, na bado nilikumbuka kusema kwamba sina kitu na simjui mtu.

Lakini tuwape nafasi. Tuseme nyota ile iliwaleta huku, Buzi, kwenye teritwari ya Kalehe, nao wanakuja kwa barabara ya taifa namba 2 kutoka Goma: Sake, kisha vijiji vya Shasha na Kirotshe, halafu Bweremana, mwisho Minova. Ni kama kilomita 50 tu.

Kwanza nyota yenyewe. Kitu kinang'aa angani, kinatembea, kisha kinasimama juu ya nyumba ya watu. Hapa hatusemi hiyo ni nyota. Umoja wa Mataifa ulirusha drone zake za kwanza Goma Desemba 2013, na baada ya hapo zimekuja za wengine ambao haja yao siyo kupiga picha. Kitu cha namna hiyo kikisimama juu ya paa lako hutafuti ubani, unatafuta watoto na kuwakokota migombani. Mianga ya usiku tuliyoizoea ni ya ziwani, taa za wavuvi wa sambaza, nayo kazi yake ni kumwongoza samaki kwenye wavu. Sambaza wanaofuata mwanga kwa imani tunawala na bugali kila siku.

Halafu kuna bariyeri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, kituo cha Ubelgiji, walihesabu bariyeri karibu 800 katika Kivu mbili. Kamba moja, au gogo, au mwanzi uliolazwa juu ya mapipa, na kando yake kibanda na kijana mwenye daftari. Wengine huandika, wengine hukata jetoni, wengine hunyoosha mkono tu kwa kuwa karatasi ni ghali. Kati ya Bweremana na sisi kuna zaidi, maana hapo unatoka Kivu ya Kaskazini na kuingia Kivu ya Kusini, na mkungu wa ndizi usiojua lolote kuhusu utawala wa nchi unageuka bidhaa kutoka jimbo jingine. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Minova. Redio zote zilitangaza, kwa hiyo sitoi siri ya mtu. Wanaoshika kamba hubadilika. Mimi nikiiona kamba husimama, simwangalii anayeishika usoni.

Basi mamajusi wanafika kwenye kamba.

"Muko batu ba wapi?"

"Mashariki."

Tayari wameharibu.

"Mashariki gani? Munabeba nini humu?"

"Dhahabu, uvumba na manemane."

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza asione kichekesho, kwa hiyo nimsaidie. Ukisimama Minova ukatazama mashariki unaona maji, na ng'ambo ya maji ni Rwanda. Dhahabu ya kwetu ina njia yake, inaijua bila nyota. Inatoka Kamituga, Shabunda na Misisi, inapita mikononi mwa wanegosia, inapimwa kwa tola na kusuguliwa na kubishaniwa, inavuka mpaka kimyakimya kuelekea upande wa jua linakochomoza, na mara nyingi mwisho wa safari ni Dubai. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika jambo hilo ripoti baada ya ripoti. Dhahabu yetu huenda mashariki. Sasa watokee watu wa mashariki wenye dhahabu mfukoni, wanakuja nayo huku, wanataka kuiacha kwa mtoto wa seremala bila risiti na bila kuomba kilima chochote! Kijana wa bariyeri akisikia maelezo hayo atajua anadanganywa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake atakuwa na haki.

"Tola ngapi?"

"Hatukupima, mukubwa."

"Hamkupima! Cheti cha asili kiko wapi? Coltan ya Numbi, hapo juu mlimani, ilikuwa inafungwa etiketi. Hii yenu imefungwa nini?"

"Kitambaa."

"Ni ya nani?"

"Zawadi ya mtoto. Mfalme aliyezaliwa."

Wanarudia! Hawajajifunza! Yerusalemu nzima ilitetemeka kwa sentensi hiyohiyo, na wao wanaitoa tena kwenye kamba, mbele ya mtu mwenye bunduki na njaa. Kijana anamwita mwenzake, mwenzake anamwita mkubwa wake, na mkubwa anatoka kibandani akifunga mkanda. Mazungumzo yanakuwa marefu. Ngamia wanaulizwa chanjo. Mwisho mkubwa anacheka, anampiga mgeni mmoja begani kirafiki, anasema, "Muko nabebea mtoto wa watu zawadi. Na sisi hapa, hatuna watoto? Mutuachie basi maharagwe ya watoto."

Maharagwe ya watoto, kwa ndugu zetu wa pwani, ni pesa. Hayapikwi, hayatiwi chumvi, na watoto hawajawahi kuyaona. Ukiyatoa kidogo kidogo Sake, Kirotshe, Bweremana na kwenye kila kamba katikati, unapoingia Minova dhahabu iliyobaki inatosha kuziba jino. Uvumba na manemane vitafika salama salimini, kwa kuwa hakuna kwenye barabara nzima anayejua pa kuviuza.

Na hapo tatizo linaingia nyumbani kwa mzazi.

Sitaki kudharau vitu hivyo. Viwili kati ya vitatu vina undugu na pande hizi. Uvumba hutoka kwenye miti ya Somalia, Yemen na Dhofar huko Oman, na manemane hupatikana Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Kwa hiyo tusitishwe na neno mashariki. Huenda nusu ya mzigo ule ilianzia karibu na kwetu. Lakini manemane kwa mtoto mchanga? Yohane anatuambia kwamba Nikodemo alibeba manemane siku ya maziko, kwa ajili ya mwili wa Yesu. Sasa ingia wewe kwenye nyumba ya mzazi hapa Minova. Mama amekaa kitandani, bibi yuko mlangoni anakagua kila anayeingia. Jirani wa kulia ameleta sabuni. Jirani wa kushoto ameleta unga wa sosoma wa kupikia uji. Mke wa mwalimu ameleta kuku, kuku mwembamba lakini kuku. Wewe unafungua mfuko na kutoa dawa ya kupakia maiti. Utaitwa mulozi kabla hujapewa kiti. Na mtoto akikohoa wiki hiyo, tafuta pa kuhamia.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume tumelipita kimya. Matayo anasema waliingia nyumbani wakamkuta mtoto pamoja na Maria mama yake. Yosefu hatajwi. Mke wangu amelishika hilo na haliachi: "Uliona? Wageni wanakuja, baba haonekani." Mimi namtetea kwa moyo wote. Mwanaume anasikia watoto wa mtaa wanapiga kelele kwamba wakubwa watatu na msafara wao wanauliza nyumba yake. Ndani kuna bugali wa jana. Unadhani yuko wapi? Yuko kwa jirani, anaomba mbuzi wa mkopo kwa ajili ya michopo, na jirani anamwambia arudi kesho. Huko siyo kujificha.

Angalia pia kwamba Maria aliwapokea nyumbani. Hori ni la Luka, na wachungaji ni wa Luka. Mamajusi ni wa Matayo, naye hana hori. Kisha Herode aliagiza waondolewe watoto wa miaka miwili kushuka chini, akifuata muda aliopewa na wageni hao hao. Inawezekana mtoto alikuwa amekwisha kutambaa, pengine anatembea na kuvuta ndevu za wageni. Nililieleza hilo kwa kamati nikaambiwa kibanda cha majani kimeshajengwa na mtoto wa kuigiza ameshapatikana, wa miezi mitatu, na mama yake ameahidiwa soda.

Lakini fikiria maana yake kwa mtu wa Minova. Kama Maria na Yosefu walikaa kwenye nyumba ya watu, basi kwa lugha ya leo walikuwa kwenye familia pokezi. Hapa kwetu hilo ni janga la pekee. Nimewaona mamajusi wa kisasa, jipu jeupe, antena ndefu, jile yenye mifuko mingi, simu yenye maswali ndani. Mama, mtoto anakula mara ngapi kwa siku? Choo kiko hatua ngapi? Mnachota maji wapi, ziwani au bombani? Wanaandika, wanapiga picha ya mtoto, wanaondoka kabla ya saa tisa kwa sababu ya usalama. Baadaye wanakuja wengine kugawa ndoo na maturubai, lakini kwa jetoni, na jetoni zilitolewa kambini siku ya kuandikisha, na siku hiyo Maria alikuwa nyumba ya saba kutoka kanisani, kwa binamu ya Yosefu, wanalala watu tisa chumba kimoja. Haonekani kwenye orodha. Anaambiwa aone mkubwa wa mtaa, na mkubwa wa mtaa ana orodha yake mwenyewe, yenye shemeji zake wengi.

Kwa upande huo nawavulia kofia wazee wa Matayo. Walipokuwa ndani hawakuuliza swali hata moja. Walianguka chini, wakafungua hazina zao, wakaacha vitu. Hawakumwambia Maria ashike uvumba juu kidogo ili jina la mfadhili lionekane.

Na wakarudi kwao kwa njia nyingine. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, waliingia kwenye safu ya watu wa akili, na ilibidi waonywe katika ndoto. Kabla ya ndoto hiyo walikuwa wasomi. Baada ya hapo wakawa wafanyabiashara wa Minova. Maana hapa hakuna asiyejua sanaa hiyo: kusikia habari usingizini, kuamka, kutomuuliza mtu, na kupita kwingine. Njia za mlimani za Masisi tunazijua. Njia za migombani tunazijua. Na zikifungwa zote, kuna ziwa.

Ziwa nalo lina bei yake. Februari 2024 vita viliikata barabara Shasha, na Goma ikabaki inakula kwa boti. Maharagwe, ndizi, mihogo, wanafunzi, wagonjwa, wote wakapanda mbao. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka hapa Minova imejaa kupita kiasi ilizama ikiwa imeshaikaribia Goma, mbele ya bandari ya Kituku, na watu kwa makumi hawakushuka. Hapo sina kichekesho. Nasema tu kwamba anayehubiri habari ya njia nyingine kwa sauti tamu mbele ya watu wa Minova achague maneno.

Vilevile kwa watoto wa Bethlehemu. Swali lililoulizwa kizembe Yerusalemu lililipwa na watoto ambao hawakuwahi kuona dhahabu wala ngamia, na familia iliyopewa zawadi ilikimbilia Misri usiku. Sisi tukikimbia tunabeba godoro, sufuria na mbuzi kama anakubali kutembea. Dhahabu, ikiwa iliponyoka kwenye kamba zote, angalau ni nyepesi. Huenda ndiyo iliyowalisha njiani. Ila kalenda ya Kanisa inanisumbua: tarehe 28 Desemba tunawakumbuka watoto waliouawa, na tarehe 6 Januari mamajusi ndiyo kwanza wanafika. Nilimuuliza katekista. Alisema nisiwachanganye watu, tena wakati wa novena.

Sasa nirudi kwenye kikao cha kamati, ambako niliamua kupigana kwa elimu. Nilisimama, nikasema: ndugu zangu, Matayo hakusema walikuwa watatu. Zawadi ndizo tatu. Hakusema walikuwa wafalme, hakutaja ngamia, hakutaja jina. Kwenye makaburi ya chini ya ardhi huko Roma Wakristo wa zamani waliwachora mahali pengine wawili, mahali pengine wanne, na Wakristo wa Siria walihesabu kumi na wawili. Gaspar, Melkiori na Balthazar ni majina tunayoyakuta yameandikwa juu ya vichwa vyao kwenye mozaiki ya Ravenna, karne ya 6, watu hao wakiwa wamekufa zamani na hawana tena nafasi ya kusahihisha. Mifupa inayosemwa kuwa yao ilichukuliwa Milano na kupelekwa Köln mwaka 1164, na Wajerumani wakaanza kuijengea kanisa jipya mwaka 1248, wakalimaliza 1880.

Fundi anayejenga choo cha parokia, aliyekuwa amesinzia, aliamka. "Ilichukua miaka mingapi?" Nikamwambia ni 632. Akawageukia wazee wa baraza mmoja mmoja, akawatazama vizuri, akasinzia tena.

Mzee mmoja akaleta habari za Mobutu. Alisema Balthazar asingepita nchi hii: mwaka 1972 majina ya ubatizo ya kizungu yalipigwa marufuku, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina kama hilo aliweza kufungwa. Yeye mwenyewe alikuwa Gaspard kabla, akawa kitu kirefu cha babu yake, na bado ana barua mbili zilizopotea katikati. Mwaka 1974 ikaja zamu ya Noeli yenyewe, ikaondolewa kwenye sikukuu za taifa, 25 Desemba ikawa siku ya kazi. "Mamajusi wangefika," alisema, "wangekuta ofisi ziko wazi." Kikao kilitulia kidogo, kila mtu akijaribu kuifikiria ofisi iliyo wazi. Kijana wa korali akaongeza kwamba Wakimbangu wanasherehekea Noeli tarehe 25 Mei, kwa hiyo wenye haraka na wenye kuchelewa wote wana mahali. Mwenyekiti akasema tusihamishe sikukuu, tugawe majukumu.

Likaja suala la rangi. Kwenye picha za Ulaya, Balthazar ni mweusi ili aonekane tofauti na wenzake, na Hispania wazungu hujipaka masizi ili waigize sehemu yake. Sisi wote watatu tuko weusi kabisa, tofauti haionekani. Mwalimu wa korali akapendekeza Melkiori apakwe unga wa muhogo. Wakamjaribu hapo hapo. Alipiga chafya wakati wa kutoa dhahabu, mtoto wa miezi mitatu akalia, mama yake akadai soda ya pili.

Nilidhani elimu yangu imepita bure. Haikupita bure, ilipita vibaya. Katika hotuba nzima watu walishika neno moja, kwamba hakuna idadi. Na kwa kuwa mamajusi, baada ya misa, hukaa meza moja na padri na kula michopo, kesho yake asubuhi waliotaka kuwa mamajusi walikuwa wamefika mlangoni kwa mwenyekiti: mwenye duka la moteri za boti, wakwe wawili wa mwenyekiti mwenyewe, muuza vocha, hata yule fundi wa choo. Wachungaji, ambao ni watu wa Luka na hawapewi nyama, hawakupata hata mmoja.

Mama mweka hazina wetu siyo mtu wa kupoteza nafasi. Alifungua daftari. Anayetaka kuwa majusi atatoa mchango wa faranga 5.000, atapewa jetoni yenye muhuri wa shirika, na bila jetoni haingii sakristia kuvaa. Nilimwendea kama mtu wa kamati, nikamwambia kwa heshima zote kwamba mimi nilifuatwa nyumbani, sikuomba, na haiwezekani kanisa nalo lifunge kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema pesa ni ya soda za mama wa mtoto, na za watoto wa korali.

Sikutoa. Siku ya mazoezi nilifika na kikwembe begani na taji mkononi. Mlangoni palikuwa na kijana niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe, ana kiti, ana kalamu, na kamba ya kuanikia nguo imefungwa kutoka mlango hadi mwembe.

"Papa, jetoni."

"Mimi ni Balthazar."

Akafungua daftari, akashusha kidole taratibu mpaka chini ya ukurasa.

"Ba-Balthazar bane bamekwisha kupita, Papa. Uende kwa bachungaji, kule habalipishe."